Barua pepe ya Machi 19: jinsi sanduku la John Podesta lilivyofunguliwa

Jumamosi ya Machi 19, 2016, saa kumi na dakika 34 alfajiri kwa saa za mashariki ya Marekani, barua pepe iliingia kwenye akaunti binafsi ya Gmail ya John Podesta. Wakati huo alikuwa mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton. Ilimwambia kwamba mtu fulani ametumia nywila yake kujaribu kuingia kwenye akaunti yake, kwamba jaribio hilo limetokea Ukraine, kwamba Google imelizuia, na kwamba anatakiwa abadilishe nywila mara moja. Tarehe ilitajwa, saa ilitajwa, na hata namba ya mtandao ya kompyuta iliyodaiwa kujaribu kuingia iliwekwa. Chini yake kulikuwa na kitufe cha kubadilishia nywila, kisha salamu za timu ya Gmail.

Haikutoka Google. Hati ya mashtaka iliyotolewa Marekani Julai 13, 2018 dhidi ya maofisa 12 wa GRU, idara ya ujasusi ya jeshi la Urusi, inasema kwamba wao ndio walioituma, na kwamba kufikia Machi 21 walikuwa wamekwisha kuchukua barua zaidi ya 50,000 kutoka kwenye sanduku hilo. Urusi ilikanusha. Mimi hapa siasa siigusi, maana imeandikwa hadi watu wakachoka. Ninachotaka tukitazame ni kile kilichotokea kati ya barua kuingia na kitufe kubonyezwa, kwa sababu humo ndimo mtu yeyote mwenye akaunti ya Gmail anaweza kujiona.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya mzee asiyejua kompyuta aliyebonyeza linki. Si kweli. Podesta alikuwa mkuu wa watumishi wa Ikulu wakati wa Bill Clinton na mshauri wa Barack Obama. Mwaka 2014 ndiye aliyeongoza mapitio ya Ikulu kuhusu data na faragha. Zaidi ya hapo, barua haikushughulikiwa na mtu mmoja aliyekurupuka. Ilionwa na watu kadhaa. Waliitilia shaka. Wakaiuliza kwa mtaalamu, na mtaalamu akawapa anwani sahihi ya kwenda. Walifanya karibu kila kitu tunachowashauri watu wafanye, na bado wakaanguka. Ndiyo maana kinafundisha kuliko visa kumi vya mtu aliyeahidiwa urithi wa mwanamfalme.

Asubuhi ile ofisa wa karibu wa Podesta aliipeleka barua kwa kitengo cha kompyuta cha kampeni ili iangaliwe. Fundi akajibu: barua hii ni halali, John anatakiwa abadilishe nywila yake mara moja na ahakikishe uthibitishaji wa hatua mbili umewashwa, yaani akaunti iombe uthibitisho wa pili baada ya nywila. Kisha akaweka linki ya kweli ya Google, ile inayoanzia na myaccount.google.com, na kusema hapo ndipo pa kubadilishia. Baadaye, Desemba 2016, fundi huyo aliliambia gazeti la New York Times kwamba alikusudia kuandika kuwa barua si halali, ila aliandika kinyume. Alikwisha kuona barua za aina hiyo kwa makumi zikija kwa watu wa kampeni.

Magazeti mengi yaliishia hapo: neno moja limekosewa, historia ikageuka. Nadhani walishika sehemu ya kuvutia wakaiacha sehemu yenye maana. Rudia kusoma jibu la fundi. Hata likiwa na kosa lake, maelekezo yake yalikuwa salama. Kama wangefuata ile linki aliyowapa, wangefika Google yenyewe, wangebadilisha nywila, wangewasha hatua ya pili, na barua ya wadukuzi ingekufa bila madhara, iwe halali au si halali. Ofisa yule alipopokea jibu aliwaandikia wenzake kwamba ile ya Gmail ni ya KWELI, kwa herufi kubwa, akauliza kama Podesta ana uthibitishaji wa hatua mbili au itabidi wafanye naye kwenye simu, maana hakutaka afungiwe nje ya sanduku lake. Watu hawa hawakuwa wazembe. Walikuwa wanamlinda bosi wao.

Lakini katika mfululizo ule wa barua kulikuwa na njia mbili. Juu, linki ya fundi. Chini, barua ya asili ikiwa imebebwa nzima pamoja na kitufe chake, kikiwa hai, kikubwa, chenye maneno yaleyale ya "badilisha nywila". Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba barua ni ya kweli hana sababu ya kukiogopa kitufe kilicho ndani yake. Hati ya mashtaka inasema kwa ufupi tu kwamba maelekezo ya barua hiyo yalifuatwa.

Kwa hiyo swali walilouliza lilikuwa swali lisilofaa. Waliuliza: hii barua ni ya kweli? Swali hilo hukulazimisha uwe hodari wa kutambua nembo, lugha, rangi na anwani ya mtumaji, na siku hizi hata wataalamu wanadanganyika. Anwani ya mtumaji yenyewe ilighushiwa ili ionekane ni ya Google. Swali la kuuliza ni jepesi zaidi: nikitaka kulithibitisha jambo hili bila kuipitia barua hii, nitaingilia wapi? Kwa Gmail jibu ni kufungua ukurasa mpya, kuandika myaccount.google.com kwa mkono wako, kuingia kwenye sehemu ya Usalama na kutazama shughuli za hivi karibuni. Kama kuna mtu kweli amejaribu kuingia kutoka Ukraine au kutoka Ukerewe, utalikuta jaribio limeandikwa humo, pamoja na kifaa na saa. Kama halimo, barua imekudanganya. Huna haja ya kuwa mtaalamu wa kitu chochote.

Tuitazame sasa linki yenyewe, maana imehifadhiwa na inaonekana hadi leo. Kitufe kilibeba linki fupi ya Bitly, huduma inayogeuza anwani ndefu kuwa herufi chache. Kwa hiyo hata mtu ambaye angeweka kishale juu ya kitufe aone kinakwenda wapi asingeona kitu cha maana. Ukikibonyeza, ulifika kwenye ukurasa ambao anwani yake ilianza hivi:

myaccount.google.com-securitysettingpage.tk

Isome taratibu. Jicho huanzia kushoto, linakutana na myaccount, linakutana na google, linakutana na com, linaridhika. Lakini baada ya com hakuna mkwaju, ile alama ya /. Kuna kistari, na maneno yanaendelea. Mwenye tovuti hajulikani kwa kusoma kuanzia mwanzo. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya https://, halafu rudi nyuma kuelekea kushoto: kipande cha mwisho ni .tk, na kilichokitangulia ni com-securitysettingpage. Hilo ndilo jina lililosajiliwa na mtu. Vipande vya kushoto zaidi, myaccount na google, mwenye jina hujiwekea anavyopenda. Angeweza kuweka jina la benki yako, la chuo chako, au lako wewe. Herufi .tk ni za Tokelau, visiwa vidogo vya Pasifiki vilivyo chini ya New Zealand, ambavyo majina yake ya tovuti kwa miaka mingi yalitolewa bure. Matapeli wa dunia nzima waliyapenda kwa sababu hiyo.

Alama ya kufuli inayoonekana kwenye baadhi ya vivinjari haisaidii hapa. Kufuli inasema tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti uliyopo hayasikilizwi na mtu wa kati. Haisemi tovuti hiyo ni ya nani. Nimewasikia watu wengi wakiambiana "ina kufuli, ingia tu", na kila mara naona ni ushauri unaoumiza.

Sehemu iliyobaki ya anwani ile ndefu ilibeba anwani ya barua pepe ya Podesta, ikiwa imesimbwa iwe msururu wa herufi usiosomeka kwa jicho. Kazi yake ilikuwa moja: ukurasa bandia ukifunguka, ukukute tayari unakujua. Jina la akaunti limeshajazwa, kilichobaki ni wewe kuandika nywila. Sote tumezoea Google ikitukaribisha hivyo. Ukurasa unaokujua unaonekana ni wa nyumbani.

Hapa ndipo mashine inapomzidi binadamu. Kivinjari au programu ya kutunza nywila iliyohifadhi nywila yako ya google.com haidanganyiki na rangi wala nembo. Inalinganisha jina la tovuti herufi kwa herufi, na kwenye com-securitysettingpage.tk haitajaza chochote. Ukiona nywila ambayo siku zote hujijaza yenyewe leo imekataa, usianze kuikumbuka na kuiandika kwa mkono. Kukataa kwake ndiyo taarifa uliyokuwa unaihitaji. Ningependa watu waelewe jambo hili kuliko ushauri mwingine wote wa kutafuta makosa ya tahajia kwenye barua, kwa sababu makosa ya tahajia yanapungua kila mwaka na ulinganishaji wa jina hauchoki.

Uthibitishaji wa hatua mbili, ule aliousisitiza fundi, ungeweza kuwasaidia kwa njia nyingine. Wadukuzi wangeipata nywila lakini wangeulizwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Ni kinga nzuri na kila mtu aiwashe leo. Ila ujue mpaka wake: ukurasa bandia unaweza kukuomba na hiyo namba pia, ukaiandika, na tapeli akaitumia ndani ya sekunde chache. Kinga iliyokwenda mbali zaidi ni ufunguo wa kuchomeka kwenye kompyuta au kugusisha kwenye simu, ambao nao hulinganisha jina la tovuti kabla ya kujibu. Google iliwapa wafanyakazi wake funguo hizo, na mwaka 2018 ilisema kwamba tangu ianze kuwalazimisha kuzitumia mapema 2017, hakuna hata mmoja kati ya zaidi ya 85,000 aliyethibitika kuibiwa akaunti ya kazi kwa hila ya aina hii. Siku hizi simu nyingi zinaweza kufanya kazi hiyo zenyewe kwa alama ya kidole.

Podesta hakulengwa peke yake. Siku chache baadaye mtumishi mwingine wa chama chake, akiwa Hawaii, aliamka alfajiri akakuta barua karibu ileile, na yeye akabadilisha nywila palepale. Tunayajua mengi ya udukuzi huu kwa sababu wadukuzi walisahau jambo dogo: akaunti walizozitumia kwenye Bitly hawakuziweka faragha. Kampuni ya usalama ya SecureWorks iliweza kuzifuata linki zao moja moja. Ilikuta linki karibu 9,000 zilizotengenezwa kati ya Oktoba 2015 na Mei 2016, zikielekezwa kwa akaunti za Gmail karibu 4,000. Linki ya Podesta ilionyesha kwamba ilibonyezwa mara mbili.

Angalia hesabu hiyo inamaanisha nini. Majasusi wa dola kubwa, wenye fedha na muda, hawakuvunja mitambo ya Google. Walituma barua, wakasubiri. Barua ya aina hiyohiyo hutumwa kila siku na vijana wanaotafuta akaunti za Facebook za kuuza, na mbinu ni moja: kukutisha, kukuonyesha kwamba aliyekutisha ndiye pia aliyekuja na dawa, na kukuharakisha. Hapa walitumia ushauri mwema kabisa, badilisha nywila yako ukihisi hatari, wakaufanya chambo.

Oktoba 7, 2016, WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka za siri, ilianza kuzitoa barua za Podesta hadharani, kundi baada ya kundi, karibu kila siku hadi uchaguzi wa Novemba. Podesta alisema polisi wa upelelezi, FBI, walimtafuta kwa mara ya kwanza siku mbili baada ya barua kuanza kumwagwa. Oktoba 12 akaunti yake ya Twitter nayo ilitekwa.

Kilichonigusa zaidi katika barua zile ni jinsi zilivyokuwa za watu wengi. Sanduku lilikuwa la Podesta, lakini ndani yake walikuwamo wafanyakazi wenzake, marafiki, watu walioomba kazi, watu waliomwandikia kwa kumwamini. Namba zao za simu zilisomwa na dunia. Hata maelekezo yake ya kupika wali wa Kitaliano yalisambaa. Wengi wa watu hao hawakuwahi hata kukiona kitufe kile.

Tafuta sasa kwenye sanduku lako neno "NIDA", au "kitambulisho", au "cheti". Wengi wetu tumetuma picha ya kitambulisho cha taifa kwa mwajiri, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwa shule, hati ya kiwanja kwa ndugu aliye Muscat au Toronto, na zote bado zimelala kwenye folda ya barua zilizotumwa. Mtu akiingia humo leo hahitaji nywila ya benki yako. Ana vya kutosha kujifanya wewe. Hamisha unachokihitaji kwenye sehemu nyingine, futa kilichobaki, na ukumbuke kufuta hadi kwenye pipa la taka. Ni kazi ya jioni moja na inachosha, lakini ndiyo inayopunguza hasara siku kinga zote zitakaposhindwa.

Kanuni hii ya kuthibitisha kwa njia yako mwenyewe inafanya kazi hata kwa asiye na kompyuta. Anapiga mtu anayejiita wa huduma kwa wateja, anasema laini yako itafungwa usipobonyeza namba fulani sasa hivi. Usibishane naye kama ni wa kweli. Kata simu, kisha piga 100 mwenyewe uulize. Ujumbe unaodai kwamba umepokea fedha kimakosa hauthibitishwi kwa kuusoma vizuri. Unathibitishwa kwa kufungua menyu ya mtandao wako na kutazama salio. Kwa Tanzania, ipo pia namba 15040 ya kuripotia namba za matapeli.

Na kama wewe ndiye unayeulizwa, yaani mtoto wa nyumba anayejua simu, au kijana wa ofisini ambaye kila mtu humwita kompyuta ikigoma, basi jibu la fundi wa kampeni ni funzo lako. Aliyekuuliza ana haraka na atasoma maneno matatu ya mwanzo. Maneno hayo yawe amri kwa mkono wake: "Usibonyeze chochote, mama." Maelezo yafuate. Usianze kwa kuhukumu kama barua ni nzuri au mbaya, kwa sababu hukumu hiyo ikikosewa, au ikisomwa vibaya, ndiyo itakayobebwa mbele na kila atakayeipokea. Mwambie pia asikusambazie ujumbe wenyewe. Akupigie picha ya skrini. Picha haina linki inayobonyezeka, na ikizunguka kwenye familia nzima haimnasi mtu.

Ikiwa nywila imeshaandikwa kwenye ukurasa usio wake, saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Ingia kwa njia yako kwenye akaunti halisi, ubadilishe nywila, kisha uondoe vifaa vyote vilivyomo ndani, kwa kuwa mara nyingi aliyeingia hubaki ameingia hadi umtoe. Kagua namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti. Tapeli hupenda kuziweka zake. Fungua mipangilio ya Gmail utazame kama kuna anwani inayopelekewa nakala za barua zako kimyakimya. Hapo ndipo watu wengi husahau: wanabadilisha nywila, wanalala kwa amani, huku kila barua mpya ikiendelea kwenda kwa mgeni. Kama nywila hiyohiyo uliitumia na kwingine, kwingine kote ibadilishwe siku hiyo. Kisha waandikie watu wako, ukianza na wale ambao majina yao yangeweza kutumiwa kuomba pesa.